Ukaguzi wa Topesumu Usemwe kwa Kiswahili

Wahenga walipotuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, walichukulia kwamba ufa huo unaonekana na kila apitaye. Je, tufanyeje iwapo ufa umo chini ya matope yenye sumu, tena katika plastiki ambayo aghalabu unene wake hauzidi milimita 2?

Hilo ndilo swali linaloikabili migodi ya dhahabu. Mawe yakisha kusagwa na dhahabu kutolewa kwa sianidi, hubaki uji mzito ambao ndugu zetu wa Tanzania wameuita topesumu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, nalistahi mno neno hilo. Wahandisi wana neno lao la Kiingereza ambalo halidokezi hatari yoyote. La Kiswahili lamwonya msikilizaji papo hapo.

Topesumu huwekwa katika bwawa ambalo sakafu yake hutandikwa plastiki ngumu, mara nyingi juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Plastiki hiyo huletwa kwa majora, nayo majora huunganishwa kwa joto. Mkaguzi stadi huanzia kwenye mishono. Penye mshono maradufu, hupuliza hewa katika mfereji ulio katikati na kutazama kama shinikizo linapungua. Hukata vipande vya mshono vikavutwe kwa mashine. Kisha hupitisha umeme juu ya tandiko. Kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, pale unapopenya hadi ardhini ndipo penye tundu.

Yafaa ieleweke kwamba kuhesabu matundu hakutoshi. Lazima ipimwe pia saizi ya kila tundu na kina cha maji yaliyo juu yake, na itazamwe kama plastiki imelala sawasawa. Tundu dogo kwenye kikunjo laweza kuvujisha maji mengi kuliko kubwa lililobanana na udongo. Kiraka nacho hupita ukingo wa tundu kwa takriban sentimita 15 kila upande. Bwawa likishajaa, macho hayafai kitu tena. Hapo hutegemewa maji ya visima vya uchunguzi vilivyochimbwa kulizunguka.

Madhara ya kuzembea tunayajua kutoka kwa jirani. Mnamo Mei 2009, maji yenye asidi kutoka mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, si mbali na mpaka wetu, yaliingia katika Mto Tigithe ambao hutiririka hadi Mto Mara, na Mara humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kampuni ya Barrick ilieleza kwamba plastiki ya kuyazuia maji hayo ilikuwa imeibwa na kuharibiwa. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, baraza la mazingira la Tanzania, NEMC, liliutoza mgodi huo, uliokuwa wakati huo chini ya Acacia, faini ya shilingi bilioni 5.6 za nchi hiyo. Julai likaupiga marufuku kulitumia bwawa lake la topesumu, marufuku iliyoondolewa baadaye.

Tukiyakubali maelezo ya wizi jinsi yalivyotolewa, bado nauliza: aliyeikata plastiki ile aliambiwa na nani kwamba ndiyo iliyokinga maji ya watoto wake? Hapa kwetu mfuko wa plastiki huitwa karatasi, na tandiko la bwawa la mkulima pia huitwa karatasi. Kitu kiitwacho karatasi hakiogopwi. Simtetei mwizi, wala siiondolei kampuni wajibu wa kulinda na kukagua mali yake. Nasema tu kwamba mtu hawezi kukilinda kitu ambacho hajaelezwa kazi yake.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za ukaguzi huo. Msomaji na arejee aya zilizotangulia. Jora, mshono, kikunjo na kiraka ni maneno ya fundi cherehani, na yametosha kueleza kazi ya mhandisi. Upungufu haumo katika lugha; umo katika nia ya wale wanaoandika ripoti ili zisomwe na wenzao ofisini.

Nasi Wakenya jambo hili latuhusu. Dhahabu huchimbwa Migori tangu enzi za ukoloni, na macho ya wawekezaji yameelekezwa Kakamega pia. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi katika kifungu cha 7. Kifungu cha 35 kimempa raia haki ya kupata habari, na cha 42 haki ya kuishi katika mazingira safi. Kwa hivyo, kila bwawa la topesumu likaguliwapo, ripoti na itolewe pia kwa Kiswahili, ibandikwe katika ofisi ya chifu na isomwe barazani: tundu lilipatikana wapi, lina ukubwa gani, lilizibwa siku gani, na maji ya visima yalionyesha nini. Wa kwanza kuonja maji yaliyoharibika si mhandisi, bali ni mama aliyeteremka mtoni na mtungi wake. Huyo ndiye anayestahili kuisoma ripoti hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.