Maandalizi ya Mpiga Kura: Funzo la Makambako

Watu wengi hudhani kwamba uchaguzi huanza siku ile magari ya vipaza sauti yanapoanza kupita mitaani na fulana kugawiwa. Mawazo hayo si sahihi. Kwa raia, uchaguzi huanza siku jina lake linapoandikwa daftarini. Na yule asiyeandikwa, hata akihudhuria mikutano yote ya Njombe Mjini na kupiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, siku ya kura atabaki kuwa mtazamaji. Twayasema haya mapema, kabla hajapanda mgombea yeyote jukwaani. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 umekwisha kupita, ule wa serikali za mitaa unatazamiwa mwaka 2029, na Uchaguzi Mkuu mwingine mwaka 2030. Wako watakaosema kwamba ni mapema mno. Hao tunawaomba wakumbuke yaliyotokea Makambako mwaka 2015.

Makambako si mji mgeni kwa msafiri. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapokutana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita papo hapo. Mwishoni mwa Februari 2015 mji huo ulipewa heshima ya kutangulia nchi nzima katika kuandikisha wapiga kura kwa mashine mpya za BVR, zile zichukuazo picha na alama za vidole na kutoa kadi papo kwa papo. Waziri Mkuu wa wakati ule, Ndugu Mizengo Pinda, alikwenda mwenyewe mkoani Njombe kuizindua kazi hiyo. Majaribio yalikwisha fanywa mwezi Desemba 2014 katika Kawe, Kilombero na Mlele, lakini Njombe ndio uliokuwa mkoa wa kwanza kuandikishwa kweli kweli.

Sasa msomaji aiangalie hesabu hii. Nchi nzima ilihitaji mashine 8,000. Kazi ilipoanza Makambako, mashine zilizokuwa mikononi mwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi zilikuwa 250 tu. Haikuwezekana hata kidogo kuandikisha mikoa yote kwa pamoja. Ilibidi mkoa mmoja umalizwe na mingine ingoje. Na wakati huo huo wananchi walikuwa wamekwisha kutangaziwa kwamba tarehe 30 Aprili 2015 watapiga kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa. Tarehe 2 Aprili Mwenyekiti wa Tume, Jaji Damian Lubuva, akatangaza kwamba kura hiyo imeahirishwa, kwa kuwa uandikishaji ulikuwa haujakamilika. Njombe ilikuwa imetangulia, lakini sehemu kubwa ya nchi ilikuwa bado haijaguswa. Kura ile ya maoni haijapigwa mpaka leo.

Twaona kwamba jambo hili halijatafakariwa kama linavyostahili. Juu ya Katiba ile walibishana wanasheria, wanasiasa, maaskofu na masheikh, na mabishano yalikuwa makali. Walakini kilichoizuia tarehe ya Aprili hakikuwa hoja ya upande huu wala ya upande ule. Ilikuwa ni masanduku ya mashine yasiyofika kwa wakati. Neno zito la taifa zima lilisimama kwa sababu ya kazi ndogo ndogo ambazo hakuna mtu anayezitungia wimbo: kuagiza vifaa, kuvipokea, kuvisafirisha, na kuwafundisha watu kuvitumia.

Wala tusiitupie mashine lawama yote. Miezi ya Februari na Machi katika nyanda za Njombe ni miezi ya mvua. Mkulima wa viazi na mahindi yuko shambani, mchuma chai yuko kwenye majani, na barabara za vijijini, sote twazijua zinavyokuwa. Kadhalika mashine ile hutaka kusoma mistari ya vidole, na vidole vya mtu aliyeshika jembe au msumeno wa mbao miaka thelathini vimesuguka mpaka mistari yenyewe haionekani vizuri. Mtu wa namna hiyo huambiwa anawe mikono, ajaribu tena, ajaribu kidole kingine. Na huku foleni nyuma yake yarefuka. Siku za kuandikisha katika kituo kimoja huwa saba. Siku saba si haba kwa mji uliojiandaa, lakini kwa desturi yetu ya kungoja siku ya mwisho ni sawa na siku moja na nusu.

Daftari lenyewe nalo lataka kutunzwa, maana lisipotunzwa huoza kama mahindi yasiyotiwa dawa. Mwaka 2010 lilikuwa na majina zaidi ya milioni 20, nao waliopiga kura walikuwa milioni 8.6 tu, yaani hawakufika nusu. Wako waliosema kwamba wananchi wameichoka siasa. Huenda ilikuwa hivyo kwa baadhi yao, lakini haiwezi kusahauliwa kwamba mlikuwamo pia majina ya marehemu, ya watu walioandikwa mara mbili, na ya watu waliohama zamani. Mwaka 2015, baada ya kuandikisha upya kwa mashine zile zilizoanzia Makambako, majina yalikuwa milioni 23.2, na waliopiga kura milioni 15.6. Hatusemi kwamba mashine ndizo zilizowatoa watu majumbani, maana mwaka ule ushindani ulikuwa mkali. Twasema tu kwamba ukitaka kujua kama watu wamesusa, kwanza uhakikishe kuwa majina uliyonayo ni ya watu walio hai.

Hapa ndipo mkoa wa Njombe una shida yake ya pekee. Watu wake ni watu wa safari. Tangu enzi za mashamba ya mkonge, vijana wa Njombe walikuwa wakienda mbali hata Tanga kutafuta mshahara. Leo wako Kariakoo, wako Mbeya, wako katika misitu ya mbao, na mji wa Makambako wenyewe umejaa watu waliotoka Makete, Ludewa na kwingineko kwa ajili ya biashara. Mtu huandikwa kijijini kwao Lupembe, kisha akahamia Makambako kupakia magari, na siku ya uchaguzi jina lake liko Lupembe naye mwenyewe yuko stendi. Kadi anayo mfukoni, lakini haimsaidii. Sheria yampa nafasi ya kuhamisha taarifa zake wakati daftari linapoboreshwa, na kazi hiyo hufanywa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Ni wangapi katika wapakiaji, makuli wa stesheni na madereva wa malori wanaolijua hilo? Wanafunzi nao wameonja taabu hii: mwaka 2010 wengi wao waliandikishwa vyuoni, na tarehe 31 Oktoba ilipofika vyuo vilikuwa havijafunguliwa, nao wako makwao.

Liko na jambo jingine linalowachanganya hata viongozi wa matawi. Mwezi Oktoba 2024, kuanzia tarehe 11 mpaka 20, wananchi waliitwa kuandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba. Orodha ile ilikuwa ya wakazi wa mtaa, kijiji na kitongoji, chini ya ofisi ya TAMISEMI. Siyo Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo ni la Tume. Aliyejiandikisha katika ile ya kwanza akaenda zake nyumbani akidhani amemaliza, hakumaliza. Mwaka 2029 yaelekea mkanganyiko huu utarudi, na asiyeelezwa sasa atakuja kulalamika mlangoni mwa kituo cha kura, mbele ya karani asiyeweza kumsaidia.

Wazee wetu watakumbuka Septemba 1965. Katika uchaguzi ule wa chama kimoja wagombea walikuwa wawili karibu katika kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake ya nyumba, kwa kuwa wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma. Wagombea hao wawili walisafiri pamoja na kuhutubia mkutano mmoja. Uchaguzi ule ulikuwa na mipaka yake, na hatutaki kuupamba; lakini umma ulifundishwa jinsi ya kupiga kura kabla ya kuambiwa apigiwe nani, na mafundisho yakaingia: walianguka hata mawaziri, akiwamo Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani. Siku hizi mpangilio umepinduka. Mkutano wa saa tatu huisha kwa sifa na ngoma, na hapana aliyesimama hata dakika tano kuwaeleza watu kwamba vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, kwamba aliyekwisha kuwa katika foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura, au kwamba katika chaguzi za 2020 na 2025 aliyepotewa na kadi aliruhusiwa kutumia kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva au hati ya kusafiria, maadamu jina lake limo katika daftari la kituo kile.

Kazi hii ni ya balozi wa nyumba kumi na ya kiongozi wa wafanyakazi mahali pa kazi. Wao ndio wajuao nani amehama, nani amefariki, na kijana gani atatimiza miaka 18 kabla ya siku ya kura. Lakini hapa twatoa onyo bila kuficha. Kumwelekeza mtu kituo ni msaada. Kumchukulia kadi yake ati imtunzwe, au kuandika namba yake katika karatasi ya chama, ni kumnyang'anya uhuru wake. Kadi ni ya mwenyewe, na kura ni ya siri. Balozi anayekusanya kadi za majirani hafanyi kazi ya chama chochote chenye heshima, na wananchi wana haki ya kumnyima.

Twajua swali litakaloulizwa pale Makambako, tena na vijana: "Kuna faida gani?" Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura, mtandao ulizimwa, na watu walipoteza maisha. Majeraha yale hayaponi kwa makala ya gazeti, na yeyote atakayemjibu kijana huyo kwa kumkemea amekwisha kushindwa. Sisi twamjibu hivi: anao haki ya kudai uchaguzi ulio bora kuliko ule, na madai yake yatakuwa na uzito zaidi akiwa ameandikwa kuliko akiwa hakuandikwa. Daftari la awali hubandikwa ili raia alikague. Naye ana haki ya kuuliza kwa nini jina la marehemu babu yake bado limo, na kwa nini la kwake halimo. Asiyekuwa na jina hawezi kuuliza hata hilo. Jibu hili halitamtosheleza kila mtu. Hata hivyo ndilo jibu la kweli tulilo nalo, na ni afadhali kuliko ahadi.

Basi matawi ya Njombe na Makambako yasingoje tangazo la Tume. Yaanzie stendi ya mabasi na stesheni, mahali penye wahamaji wengi, yaulize kila mpakiaji ameandikwa wapi. Kisha yaende kwenye viwanda vya chai na mashine za mbao, yazungumze na waajiri ili mfanyakazi apewe ruhusa ya nusu siku bila kukatwa mshahara wakati mashine zitakapokuja. Na safari hii Tume yenyewe iombwe mapema kwamba siku saba za Njombe zisiangukie tena katika miezi ya mvua.