Usinitumie Mto

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, mwanafunzi mwenzangu alinitumia picha ya mto kwenye WhatsApp. Ukungu, maji yametulia, mwanzi mmoja umeinama. Juu yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyodai kwamba mwenye huzuni anaishi katika jana, mwenye wasiwasi katika kesho, na mwenye amani katika leo. Chini yake: Lao Tzu.

Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka katikati ya mama zangu wadogo wawili. Wazo la kwanza lililonijia, naona haya kulisema, lilikuwa la kitaaluma: maneno hayo hayamo katika Daodejing. Kitabu chote kina sura 81 fupi na nimezisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ninasomea shahada ya uzamili ya falsafa na tasnifu yangu inamhusu Zhuangzi, Mtao mwingine wa kale. Wazo la pili silileti hapa, jarida hili lina wahariri.

Huyo rafiki hakuwa na nia mbaya. Lakini wiki tatu baadaye niliyasikia maneno yaleyale kwa mtu ambaye nia yake niliijua vizuri. Mama alikuwa fundi cherehani Morogoro, kwenye fremu ya kupanga. Alipofariki mlikuwa na nguo za watu ndani: sare za shule zisizo na vifungo, suruali za kupunguza, na gauni la harusi lililopigwa bandi tu. Nilimwomba mwenye fremu miezi miwili nirudishe nguo za watu. Alikuwa ameshapata mpangaji wa kuuza simu, kodi ya juu zaidi, miezi sita kwa mkupuo. Akanitazama kwa upole kabisa. "Mambo hubadilika, binti yangu. Duniani tunapita. Jumamosi nahitaji funguo."

Tangu siku ile sina tena subira na Utao wa kwenye mabango. Naukuta kila mahali: kwenye video za watu wanaonywa chai ya kijani saa kumi na moja alfajiri, kwenye semina za wafanyakazi wiki moja kabla ya kupunguzwa kazi. Kila mahali ujumbe ni mmoja: kila kitu hubadilika, basi acha, kubali, tiririka kama maji. Na kila mara anayeambiwa atiririke ni yule aliyepoteza. Mabadiliko ya fremu ya mama hayakushuka kama mvua. Yalikuwa na mwenyewe, yalikuwa na kufuli na mkataba wa miezi sita.

Anayedhani haya ndiyo mafundisho ya wale wazee wa Kichina hajawasoma. Mimi nawasoma katika tafsiri, Kichina changu hakijafika popote, lakini hata katika tafsiri hadithi zenyewe ziko wazi.

Chukua ile maarufu zaidi. Mke wa Zhuangzi amefariki. Rafiki yake Huizi, mwanafalsafa na mbishi kuliko wote, anakwenda kumpa pole na kumkuta amekaa ametanua miguu, anapiga beseni kama ngoma na kuimba. Huizi anakasirika: mwanamke huyu ameishi nawe, amekulelea watoto, amezeeka nawe; kutolia kungetosha, lakini ngoma? Hapa ndipo wenye mabango huanza kunukuu jibu: kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwa na uhai wala umbo, kisha akapata umbo, kisha uhai, na sasa amegeuka tena, kama majira ya mwaka yanavyopokezana. Wanairuka sentensi iliyotangulia. Zhuangzi anaanza kwa kusema kwamba mke wake alipokufa, yeye naye aliumia kama mtu mwingine yeyote. Majira ya mwaka yalikuja baadaye. Wala hakutumiwa na mtu. Aliyafikia mwenyewe, akiwa amekaa na maiti yake nyumbani.

Kisha kuna hadithi ambayo sijaiona kwenye bango hata moja. Miaka imepita, Huizi naye amekufa, na Zhuangzi anapita karibu na kaburi lake katika msafara wa mazishi ya mtu mwingine. Anageuka na kuwasimulia aliofuatana nao habari za mtu wa mji wa Ying aliyedondokewa na tone la chokaa kwenye ncha ya pua, jembamba kama bawa la nzi. Alimwita seremala Shi alikwangue. Shi akazungusha shoka hadi upepo ukavuma, chokaa yote ikatoka, pua haikuguswa, na yule mtu hakutikisika. Mtawala wa Song aliposikia, akamtaka Shi arudie mbele yake. Seremala akajibu kwamba zamani aliweza, ila mwenzake wa kusimama pale alishakufa siku nyingi. Na mimi, anasema Zhuangzi, tangu huyu bwana afe sina tena wa kuzungumza naye.

Ni yuleyule wa beseni. Hasemi Huizi amegeuka kuwa majani au mvua. Anasema nafasi ile iko wazi na haijazibwa.

Sitawaficha kinachonikera katika kitabu hichohicho, maana msimamizi wangu ataniuliza. Katika sura ya 6 mtu aitwaye Zilai anahema, yu karibu kufa, mkewe na watoto wamemzunguka wanalia. Anaingia rafiki yake Zili na kuwafukuza: ondokeni, msiyasumbue mageuzi! Kisha anaegemea mlango na kuanza kujiuliza, kwa furaha kabisa, kama rafiki yake atafanywa ini la panya au mguu wa mdudu. Nimesoma ufafanuzi mwingi wa kifungu hiki na wote unamsifu Zili. Mimi namwangalia yule mke, ambaye hapewi neno hata moja. Ninaweza kumkubali Zilai anapokipokea kifo chake, ni chake. Zili simkubali. Anafanana sana na mwenye fremu.

Nina ushahidi kwamba Zhuangzi mwenyewe, angalau huyu wa hadithi, asingevumilia kutendewa hivyo. Katika sura ya 26 ni maskini, anakwenda kukopa nafaka kwa mtawala wa Jianhe. Bila shaka, anajibu mtawala, nikishakusanya kodi nitakukopesha dhahabu vipande mia tatu. Zhuangzi anabadilika uso kwa hasira. Anamwambia kwamba njiani alimkuta samaki amekwama kwenye mfuo wa magurudumu, anaomba kibaba cha maji tu. Zhuangzi akamwahidi kwamba anakwenda kusini kuonana na wafalme, na huko atawaomba waugeuze Mto wa Magharibi uje kumfuata. Samaki akajibu kwa hasira: basi kanitafute kwa wauza ng'onda.

Mto mzima, jamani! Nami niliahidiwa wangu: mjomba aliniambia nisihangaike na fremu, akipata mafao yake ya kustaafu atanifungulia duka kubwa. Nilichohitaji ilikuwa miezi miwili.

Hata Daodejing, ukiacha picha za mianzi, sehemu yake kubwa inasema na mtawala. Yeye ndiye anayeambiwa apunguze mkono wake; sura ya 75 inasema waziwazi kwamba watu wana njaa kwa sababu walio juu yao wanakula kodi kupita kiasi. Tumeugeuza ushauri uliokusudiwa mwenye kufuli, tukampa mwenye kufungiwa.

Najua mtu atasema hata Kiswahili chetu kina "ndiyo maisha" na "kazi ya Mungu haina makosa", na kwamba msibani watu huyasema kwa upendo. Ni kweli. Lakini anayeyasema huwa amekuja, na huenda amebeba maji au kilo mbili za unga. Mama zangu wadogo walilala nami kwenye mkeka ule siku saba, na sikumbuki wakinieleza chochote kuhusu mabadiliko.

Yule rafiki wa picha nilimjibu baada ya mwezi. Nilimwandikia hadithi ya seremala na shoka, yote, bila maelezo. Hakujibu. Jumamosi ya funguo ilikuwa imeshapita, vitu vyote vimerundikwa kwa mama mdogo, na Jumapili moja akapanda basi kutoka Dar es Salaam akaja. Tulizunguka mtaa kwa mtaa na guta tukirudisha sare na suruali, yeye akisoma majina yaliyoandikwa na mama kwa chaki kwenye vitambaa, mimi nikigonga milango. Zilipatikana zote wenyewe, isipokuwa gauni la harusi. Lina bandi tu, jina halijaandikwa. Bado liko kwangu.