Jicho Lisilopiga Hodi

Wapenzi wa ndegenyuki, vile vyombo vidogo vya kuruka vyenye kamera ambavyo huongozwa na mtu aliyesimama chini, wana swali moja wasilochoka kuulizana kila wakutanapo: wapi pazuri pa kurushia? Katika visiwa vya Unguja na Pemba, na kule Lamu, jawabu zimekwishazoeleka. Huyu atataja mapaa ya Mji Mkongwe wakati wa magharibi. Yule atataja pwani ya Paje maji yakishatoka. Wa tatu atataja gati la Lamu na majahazi yake. Hupeana habari hizo kwa ukunjufu, kama wavuvi wapeanavyo habari za samaki, na hapana shaka kuwa wengi wao ni watu wema. Lakini swali lao lina kombo. Anayeuliza wapi pazuri ameuliza habari ya picha. Hajauliza habari ya watu watakaoingia pichani. Uzuri wa pahali hupimwa na jicho lililo juu, na aliye chini hahesabiwi ila kuwa nakshi.

Mji wa Mswahili haukujengwa utazamwe kutoka juu. Katika nyumba ya kale ya Lamu mgeni hupokewa barazani. Akiruhusiwa hupita dakani, na njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Fundi aliyekata kona ile hakukosea kipimo. Ghorofani alijenga wikio, daraja linalovuka njia baina ya nyumba mbili, wanawake wapate kutembeleana bila ya kushuka chini. Nyumba kubwa za Kiarabu za Mji Mkongwe wa Unguja nazo zina ua wa ndani, uliozungukwa na kuta nene za mawe na chokaa, na maisha ya jamaa yakageuzia uso wake huko badala ya barabarani. Upande mmoja tu uliachwa bila ya ulinzi, nao ni wa juu, kwa kuwa huko juu hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndege, na mvua, na Mwenyezi Mungu. Hata muadhini, aliyekuwa na haki ya kupanda mnara, wanazuoni wa zamani walimtaka ainamishe macho yake, asichungulie nyua za watu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Tangu hapo urithi umekuwa neno la kila kinywa, na wenye ndegenyuki nao hulitamka: wanakuja, wasema, kuupiga picha urithi. Basi na waulizwe: urithi huo ni upi? Ikiwa ni mawe tu, mawe hayana haya, na yapigwe picha. Lakini ikiwa urithi ni ile hekima iliyoyapanga mawe, hekima ya kuweka mpaka baina ya la nje na la ndani, basi anayerusha kamera juu ya ua anauvunja urithi ule ule anaodai kuupenda. Amekuja kulisifu pazia kwa kulifunua.

Na nyuma ya pazia hilo mna nini? Mna mambo ya kila siku, na kwa sababu hiyo yana heshima yake. Mna mwanamke anayesukwa nywele, bibi anayejinyoosha juu ya mkeka, mtoto anayeogeshwa, wali unaopepetwa mchele wake. Mna bibi harusi anayesingwa. Mna shughuli za wanawake watupu ambazo mwanamume wa nyumba hiyo hiyo hutoka akawapisha. Katika hali hiyo sauti ya nyuki mkubwa husikika juu ya paa, khanga zikavutwa, vicheko vikakatika, na waliokuwa wamestarehe kwao wakaingia chumbani kama waliofumaniwa. Aliyeko pwani na chombo chake cha kuongozea hana habari kuwa ameingia nyumba ya watu. Yeye anatazama mwanga.

Wakiambiwa haya, wapenzi wa ndegenyuki huleta hoja tatu, na zote zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba hewa haina mwenyewe. Si kweli. Anga ya Tanzania ina mamlaka yake, na chombo kisicho na rubani kinahitaji kibali. Kenya nayo ilitoa kanuni zake za vyombo hivyo mwaka 2020. Sababu yake inaonekana kwa macho: kiwanja cha ndege cha Kisauni hakiko mbali na Mji Mkongwe, na cha Manda kinatazamana na Lamu ng'ambo ya mkondo. Ama nyumba ya mtu, Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inahifadhi faragha ya mtu, jamaa yake na maskani yake, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema mamoja na hayo. Walakini sheria ni ngazi ya chini kabisa ya jambo hili. Kabla ya katiba hizo kuandikwa, watu wa pwani walikwishafunzwa na Sura ya An-Nur kutoingia nyumba isiyo yao mpaka waombe idhini na kuwatolea salamu waliomo. Neno moja la Kiswahili limeyabeba mafunzo hayo yote: hodi. Mtoto wa miaka minne analijua. Ni ajabu kuwa chombo chenye uwezo wa kupambana na upepo hakikufunzwa.

Hoja ya pili ni kwamba kutoka juu mtu haonekani ila kama nukta. Yumkini ni hivyo, pale chombo kinapokuwa juu sana. Lakini chombo hushuka, lenzi husogeza, na picha hukuzwa nyumbani kwa utulivu. Tena mtaa una macho yake: jirani hakuhitaji kuuona uso, huijua nyumba kwa bati lake na mwenyewe kwa khanga aliyoianika. Na jambo kubwa kuliko hayo ni kuwa anayetazamwa hawezi kujua anaonekana kiasi gani. Mtu akichungulia dirishani, utamwona na utamfukuza. Ndegenyuki hana uso wa kuonewa haya. Madhara yake hayakai katika picha peke yake. Yamo katika shaka anayoiacha uani baada ya kuondoka.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi: picha hizi huvitangaza visiwa, na utalii ni riziki. Na tuchukue mfano wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na walimaji wake wengi ni wanawake. Bamvua likifika, nao hutoka na kamba na mambo zao, wakainama majini hadi maji yarudi. Kutoka juu mistari yao ni mizuri mno, na picha zake zimeenea. Ni wangapi kati ya wapigaji waliokwenda kwanza kuwasalimu? Ni wangapi waliorudi kuwaonyesha? Kama picha ni riziki, imewafikia lini hao walioinama ndani yake? Kutangazwa bila ya kuulizwa ni kutumiwa.

Haikuwa hivyo zamani, na si kwamba zamani hapakuwa na kamera. Ranchhod T. Oza alipofungua studio ya Capital Art mjini Unguja mwaka 1930, watu walimwendea kwa miguu yao. Mtu alichagua nguo, akatia manukato ambayo picha haitayaonyesha, akakaa, akatazama mbele. Picha ile ilikuwa mapatano ya watu wawili, na ndiyo maana nyuso zile hadi leo zinamtazama mtazamaji sawa kwa sawa. Katika picha ya juu hapana uso. Pana vichwa na vivuli.

Haki isemwe: chombo chenyewe hakina dhambi. Kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipigwa ramani kwa ndegenyuki katika mradi wa Tume ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na vijana wa humu humu wakawa marubani wake. Mwaka 2019 vyombo hivyo vilinyunyizia mashamba ya mpunga ya Cheju kimiminika cha kuzuia viluwiluwi visigeuke mbu. Hapana mwenye akili atakayeyachukia hayo. Kazi zile zilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na mwenye malalamiko alijua mlango wa kubisha. Mpenzi wa kurusha kwa starehe hana mlango. Tangu mwaka 2013, kampuni ya DJI ya China ilipotoa Phantom yake ya kwanza, starehe hiyo imekuwa ikishuka bei; na mwaka 2019 ilitoa chombo cha gramu 249, gramu moja chini ya mpaka ambao nchi nyingi zimeuweka kwa uandikishaji. Uzito huo haukutokea kwa bahati.

Lakini dhambi ya mchezo huu haimo katika gramu. Imo katika maana ya siri ya neno pazuri. Wapenzi hawa wanapoelekezana, husifu pahali pasipo na bughudha. Bughudha ni nini? Ni mtu wa kukataza. Hoteli kubwa ikisema hapana, hapana yake husikika, kwa kuwa ina mlinzi na wakili. Kijiji hakina mlinzi. Kina adabu, na adabu yake humfanya mzee anyamaze mbele ya mgeni. Basi pazuri, mwisho wa hesabu, ni pale penye watu wasioweza kukataa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakusema kuwa mwenye macho ana haki ya kila anachokiona.

Je, hapana basi pa kurushia? Papo, tena pengi, kwa anayebadili swali. Asiulize wapi pazuri. Aulize nani mwenyewe. Akishapata kibali cha serikali, amwendee sheha kabla ya kufungua begi lake. Awaulize wavuvi ni fungu gani huibuka maji yakitoka na halina mtu. Aulize pia habari za ndege, kwani wao hawana sheha: visiwa vya Kiunga hutagiwa na membe, na membe aliyetishwa huyaacha mayai yake juani. Uwanja wa mpira usio na mchezo, shamba la rafiki, bahari iliyo wazi, vyote hivyo ni pahali. Wakija watu watano pamoja na vyombo vyao, waje na subira ya kukaa barazani kwanza. Wawaonyeshe watoto kile kioo. Wakiambiwa futa, wafute papo hapo bila ya kunung'unika.

Atakayefanya hivyo atapoteza nusu saa ya mwanga mzuri. Hiyo ndiyo gharama yote inayodaiwa. Asiyekuwa tayari kuilipa asiseme anaipenda pwani hii, kwani nyumba za pwani hazikuwahi kumfungia mgeni aliyepiga hodi akangoja. Karibu yake imo ndani, uani, kwa watu anaowapita juu.