Nani Atamlea Mtoto wa Mfanyakazi?

Wasomaji wengi huulizana kama ni wajibu wa Serikali kumsaidia mtu wa mshahara kulea watoto wake, au kama mzigo huo ni wake yeye peke yake. Wazee hujibu upesi kwamba aliyezaa na alee. Jibu hilo ni jema, walakini lilitolewa katika siku ambazo nyanya, shangazi na wake wa ndugu walikaa ua mmoja.

Na tutazame mishahara. Hata kufikia mwaka 1954, kima cha chini cha mshahara katika Kenya kilihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala mtoto. Mwaka ule Kamati ya Bwana Carpenter ilishauri kwamba kihesabiwe kwa mahitaji ya jamaa nzima. Kwa hesabu ile ya zamani, aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa aliwaacha mkewe na watoto nyumbani, na shamba ndilo lililowalisha. Basi ni nani aliyemsaidia mwenzake? Mimi naona kwamba mwanamke mwenye jembe ndiye aliyemsaidia mwajiri, wala hakushukuriwa.

Tangu hapo sheria zimebadilika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba humpa majuma mawili (ingawa wako akina baba ambao majuma hayo huyamaliza mbali sana na kitanda cha mtoto). Lakini mama auzaye mboga sokoni hana mwajiri wa kumpa likizo. Siku asipofungua kibanda, watoto hulala njaa.

Ada za shule za msingi za Serikali zilifutwa mwezi wa Januari 2003; walakini sare na chakula vyatoka mfukoni mwa mzazi. Hapo ndipo niwalaumupo wanaume wenzangu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Hata hivyo utamwona karani apokea mshahara, apitia kilabuni, na mkewe ndiye aendaye kukopa fedha za sare. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama katika baraza la chifu akidai Serikali ijenge nyumba ya kulelea watoto wachanga. Mkewe aweza, na katika mkutano ujao wa wazazi yafaa apewe nafasi ya kusema kwanza.