Darubini ni za nani? Giza ni letu, saa za kutazama wanagawana wengine

Leo tuache kidogo siasa za majimbo na bei ya mafuta, tuangalie juu. Ndiyo, juu angani. Ila msinikimbie mkidhani nimeanza kupiga ramli. Hii ishu ina pesa, ina ajira, ina elimu, na ina siasa kuliko mnavyofikiri.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Mwanaastronomia siyo yule wa gazetini anayekwambia nyota yako ni Ng'ombe na wiki hii utapata mchumba. Ni mtu wa fizikia na hesabu, na wengi wao mshahara wao unatoka chuo kikuu: mchana anafundisha, usiku anasaka data. Na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Darubini nyingi kubwa za dunia hazijengwi na serikali peke yake. VYUO vinaingiza mkono. Na anayejenga ndiye anayetazama.

Tuanze na mfano wa hapa hapa Afrika. Kuna mji mdogo unaitwa Sutherland, kule Afrika Kusini, ndani kabisa ya Karoo. Baridi kali, watu wachache, giza la kweli. Juu ya kilima karibu na mji huo ndipo ilipo SALT, darubini iliyozinduliwa Novemba 2005 na Rais wa wakati huo, Thabo Mbeki. Kioo chake kina upana wa kama mita 11, lakini siyo kioo kimoja. Ni vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja kama mita moja, vimepangwa kama sega la nyuki.

Sasa sikilizeni ujanja wake. Darubini ya kawaida inageuka kila upande kufuata nyota. Mitambo ya kugeuza kioo kizito namna hiyo ndiyo inayokula hela. SALT haijilazi wala kujiinua: imewekwa kwenye mwinamo mmoja tu, inazunguka kushoto na kulia, halafu kifaa kilichoko juu ndicho kinachotembea taratibu kufuata nyota. Wazo hili walilianzisha vyuo, wakiwemo Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin na Penn State, pamoja na wenzao wa Ujerumani, kwenye darubini ya Hobby-Eberly iliyozinduliwa Texas mwaka 1997. Kwa mtindo huo gharama inashuka mpaka kama moja ya tano ya darubini ya kawaida ya ukubwa ule. SALT nzima, pamoja na uendeshaji wa miaka kumi ya mwanzo, ilihesabiwa kama dola milioni 36. Nyingi? Ndiyo. Lakini kuna barabara za lami zimekula zaidi ya hizo na mashimo yanaonekana.

Haya, nani alitoa? Afrika Kusini ilitoa karibu theluthi moja. Nyingine zikatoka Poland, India, Uingereza, New Zealand, na vyuo vya Marekani kama Wisconsin-Madison, Rutgers, Dartmouth na North Carolina. Na hapa ndipo penye funzo: siyo wote walioleta hela tupu. Wisconsin waliongoza kujenga spektrografu kuu, yaani kifaa kinachochambua mwanga wa nyota kuwa rangi rangi ili ujue imeundwa na nini na inakwenda kasi gani. Rutgers wakachangia sehemu ya kifaa hicho hicho. Baadaye Chuo cha Durham, Uingereza, kikajenga spektrografu nyingine ya kuchambua kwa undani zaidi, ikafungwa mwaka 2013.

Malipo yao ni nini? SAA ZA USIKU. Darubini ina usiku mmoja kwa siku, na mawingu hayabembelezwi. Kwa hiyo saa zinagawanywa kwa hisa. Mwenye hisa kubwa anapata saa nyingi, mwenye ndogo anapata chache, asiye na hisa anasoma kwenye gazeti. Ni kama kisima cha mtaa: waliochanga kununua pampu ndio wanaopanga foleni ya ndoo.

Mtaniuliza, "sasa Waafrika walifaidi nini zaidi ya kukodisha kilima?" Swali zuri. Jibu la kwanza ni kwamba mambo yalipoharibika, ndipo faida ilipoonekana. Mwaka mmoja tu baada ya uzinduzi iligundulika kwamba picha za SALT zina ukungu, hazitulii. Dunia ikaanza kunong'ona. Timu ya hapo hapo Afrika Kusini ikatafuta ugonjwa, ikakuta tatizo liko kwenye jinsi seti ya vioo vya kusahihisha picha ilivyoshikizwa kwenye darubini. Wakaishusha, wakaifanyia kazi, wakairudisha, na kufikia 2011 darubini ilikuwa imerudi kwenye utafiti. Huo ni ufundi ambao haununuliwi dukani. Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana mbali huko na dunia nzima ikakimbilia kuelekeza darubini zake upande ule, SALT ilikuwa miongoni mwa zilizowahi kuchambua mwanga wa mlipuko ule. Kama wangekuwa bado wanasubiri fundi kutoka nje, ingekuwa imekula kwao.

Jibu la pili ni shule. Mwaka 2003, kabla hata darubini haijakamilika, vyuo vya Afrika Kusini viliungana kuanzisha programu ya pamoja ya kufundisha astrofizikia, makao yake Chuo Kikuu cha Cape Town. Wanafunzi wakawa wanatoka nchi mbalimbali za Afrika. Yaani walijua kabisa: ukijenga jumba bila kuandaa wakazi, watahamia wageni.

Kutoka hapo wakapiga hatua kubwa zaidi. Julai 2018 walizindua MeerKAT, darubini ya redio yenye madishi 64, kila moja mita 13.5, huko huko Karoo. Wanasema asilimia 75 ya thamani yake ilitoka ndani ya nchi. Na MeerKAT yenyewe ni kipande tu cha mradi mkubwa wa SKA, ambao mwaka 2012 uliamuliwa ugawanywe kati ya Afrika Kusini na Australia. Ujenzi ulianza 2021, na mpango wa upande wa Afrika Kusini ni madishi 197, hayo 64 yakiwemo ndani.

Aliyeongoza Afrika Kusini kwenye kinyang'anyiro hicho ni Bernie Fanaroff, ambaye ana udaktari wa astronomia kutoka Cambridge, lakini enzi za ubaguzi wa rangi aliacha nyota akaenda kufanya kazi na vyama vya wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Sijui mnaona kitu hapo? Mtu wa darasani aliyejua pia kukaa mezani na kubishana. Miradi hii inashindwa au inashinda mezani kabla ya kufika kilimani.

Sasa tuje kwetu. Darubini za redio zina tabia moja: madishi yanapokuwa mbali mbali halafu yakaunganishwa, yanaona undani zaidi, kana kwamba una dishi moja kubwa kama nchi. Ndiyo maana mradi ukahitaji washirika Afrika nzima. Wako nane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Hesabuni tena. TANZANIA HAIMO. Uganda haimo. Rwanda haimo. Burundi haimo.

Ghana hawakulala. Walikuwa na dishi kubwa la simu za kimataifa pale Kuntunse, mita 32, lililokosa kazi baada ya mikongo ya baharini kuchukua biashara. Badala ya kuuza chuma chakavu, wakaligeuza kuwa darubini ya redio, ikazinduliwa 2017. Jirani zetu Kenya nao wana madishi ya namna hiyo Longonot, na yalitajwa mapema kwenye mipango hiyo hiyo.

Lakini hata hao nane wasishangilie sana. Kuna tofauti kati ya mshirika na mwanachama. Shirika la kimataifa linalosimamia SKA lilianzishwa kwa mkataba uliosainiwa Roma mwaka 2019, na kutoka Afrika mwanachama kamili ni Afrika Kusini peke yake. Mwanachama ana kiti na kura. Mshirika ana kiti cha pembeni. Na tumeshaona pale SALT kiti cha pembeni kinamaanisha nini saa zinapogawanywa.

Na Afrika Mashariki tumeshawahi kuonja hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa maalumu kwa astronomia ya eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, likiendeshwa na Chuo Kikuu cha Roma. Chombo kilikuwa cha Wamarekani. Jina wakakipa la Kiswahili: UHURU. Kikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani, na data zake zikasaidia kutambua kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mkuu wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Data zilichambuliwa Marekani. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina. Jina zuri kweli, lakini jina halisomeshi mtu.

Najua kuna mdau atasema: "Wewe dogo, hospitali hazina dawa, unaleta habari za nyota?" Hoja hiyo naiheshimu. Lakini tuifuate mpaka mwisho. Mtu anayejifunza kuunganisha madishi anajifunza redio, kompyuta kubwa, kuchambua data nyingi kwa haraka, vipozeo, uhandisi. Huyo kesho anaajiriwa kwenye simu, benki, hali ya hewa, hata kwenye mashine za hospitali hiyo hiyo. Afrika Kusini wametoa ufadhili wa masomo zaidi ya elfu moja kupitia mradi huu tangu 2005, na siyo wote waliobaki kwenye nyota. Dawa inanunuliwa leo na kuisha leo, tunaihitaji. Fundi wa mashine anakaa miaka thelathini. Nchi inahitaji vyote viwili.

Na msiseme watu wetu hawana hamu. Septemba mosi, 2016, jua lilipopatwa, watu walifurika Rujewa kule Mbarali kutazama ile pete. Wanafunzi, wakulima, mama ntilie, kila mtu. Hamu ipo. Kinachokosekana ni mlango.

Kwa hiyo mimi naona mambo matatu. Moja, serikali zetu ziombe kuingia ushirika sasa, wakati madishi bado yanasimikwa, maana ukija baada ya msosi unakuta vyombo vinaoshwa. Mbili, vyuo vyetu visisubiri hela ya kujenga darubini nzima. Wisconsin na Rutgers wametuonyesha kwamba unaweza kuingia kwa kujenga kifaa KIMOJA. Hata programu ya kompyuta ya kuchambua data ni mchango. Tatu, mikataba ya kutoa ardhi, bahari au anga iwe na kipengele cha saa za kutazama na nafasi za wanafunzi, siyo kodi ya pango tu.

Na wewe uliyekaa hapo kwenye kafe na dakika zako kumi na tano zilizobaki? Mwaka 2007 mradi wa Galaxy Zoo ulifungua picha za galaksi kama milioni moja, watu wa kawaida wazipange kwa macho. Mwalimu mmoja wa shule huko Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona wingu la ajabu ambalo wataalamu hawakuwa wameliona. Leo linaitwa kwa jina lake. Hakuwa na darubini. Alikuwa na intaneti, kama wewe.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo, matusi abaki nayo nyumbani. Na kama kuna mdau anasoma fizikia pale Mlimani, Nairobi au Makerere, hebu atuambie: huko darasani mmeshawahi kuguswa na mradi wowote kati ya hii, au mnaisoma hapa kwa mara ya kwanza?