Bomu Kampala, usingizi wapotea Malaba

Mzazi wa Malaba ambaye mwanawe anasoma Kampala huenda hajawahi kusikia mlio wa bomu maishani mwake. Hata hivyo, habari za mlipuko zikitangazwa kutoka ng'ambo, hapati hata lepe la usingizi. Kunapokucha anataka mtoto aache masomo arudi nyumbani. Je, mzazi huyu ni mwoga?

La hasha. Wakazi wa Busia na Malaba wana sababu. Mnamo Julai 11, 2010, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 jijini Kampala, wengi wao wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Desemba 20 mwaka uo huo, kilipuzi kililipuka Nairobi abiria wakipanda basi la kwenda Kampala. Novemba 16, 2021, Kampala ikashambuliwa tena. Mabasi ya miji hiyo miwili hupitia mpaka huu, na jamaa wako pande zote mbili.

Lakini kuna mambo yanayoikuza hofu hiyo kupita kiasi. La kwanza ni picha. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka wa 2013, watafiti waligundua kwamba waliofuatilia habari hizo kwa saa sita au zaidi kila siku walikuwa na mfadhaiko mkubwa kuliko hata walioshuhudia mkasa wenyewe. Mlipuko hutokea mara moja. Kwenye televisheni na simu hurudiwa mara mia.

La pili, binadamu huogopa zaidi hatari isiyobisha hodi. Mwaka wa 2023, ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 4,000 nchini Kenya. Lakini ni wangapi hukesha kwa sababu mtoto amepanda bodaboda, usafiri uliozaliwa papa hapa mpakani?

La tatu, hofu hutafuta wa kulaumiwa. Mwenye duka Msomali aliyekuuzia sukari jana, leo unamkwepa. Hapo umempoteza jirani, na usalama haujaongezeka.

Ufanye nini basi? Sikiliza habari mara moja au mbili kwa siku, kisha uzime. Usisambaze video za maiti. Patana na mwanao saa ya kupigiana simu, na umwulize amepanga nini iwapo kutatokea hatari. Wadogo nao waambie ukweli kwa kadiri ya umri wao, maana mtoto asiyeelezwa hujitungia makubwa zaidi. Usingizi ukikosekana kwa majuma kadhaa, mwone daktari au mshauri.

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko. Hofu kidogo humfanya mtu awe macho. Ila kabla hujamwamuru mwanao afunge virago, jiulize: ni hatari iliyobadilika, ama ni picha ulizotazama usiku kucha?