Milimita Moja ya Tunduma

Wako watu wenye elimu yao ambao, wakimwona kijana wa miaka ishirini ameinamia kipande cha bati kwa mkasi na tupa, akiunda mfano wa kichwa cha treni, hucheka. Husema kwamba huo ni mchezo wa watoto uliokawia kumtoka. Wako na wengine, nao kwa maoni yangu ni wabaya zaidi, ambao hawacheki bali husifu. Huita kazi hiyo ubunifu, hupiga picha, kisha huenda zao bila ya kuuliza kama mfano ule ni sahihi. Nia yangu ni kubishana na makundi yote mawili.

Mfano nilioletewa mimi ulitoka Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, ambako reli ya Tazara huvuka kuingia Nakonde katika nchi ya Zambia. Aliyeuunda amekulia jirani na stesheni. Utotoni aliunda vigari vya waya kama wenzake wote. Alipopata akili alitaka kuunda kitu kisichokuwa cha kukisia. Hakuwa na kisanduku chenye vipande vilivyokwisha tayarishwa kiwandani, wala mimi sijakiona kisanduku cha namna hiyo kwa treni hii dukani popote. Alikata bati la debe la mafuta ya kula, akakunja waya wa shaba kuwa vishikio vya ngazi, akaunga kwa lehemu.

Alichokichagua ni kile kichwa cha dizeli cha Kichina kiitwacho DFH, herufi zilizofupisha neno Dongfanghong, yaani Mashariki ni Mekundu. Vichwa hivyo vilikuja na reli yenyewe, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Navyo si vya kawaida. Vichwa vingi vya dizeli duniani huzalisha umeme kwanza, na umeme ndio uzungushao magurudumu. Hivi havina mota za umeme chini. Nguvu ya injini hupita katika mafuta yaliyofungiwa ndani ya mtambo, kisha hushuka kwa shafti hadi kwenye ekseli. Vikubwa vilihesabiwa nguvu za farasi 2,000, vidogo vya kupangia mabehewa 1,000. Mwinuko wa kutoka Mlimba hadi Makambako ulivielemea, hata katika miaka ya 1980 vikaletwa vya dizeli na umeme, aina ya U30C, kushika kazi nzito.

Basi nikauchukua mfano ule nikaupima. Kijana alikuwa amechagua kipimo cha 1 kwa 64, na amekifuata kwa uaminifu tangu paa hadi bafa. Njia yake ya reli ilikuwa na upana wa milimita 15 na nusu hivi. Nikamwambia kwamba amekosea kwa milimita moja. Akajibu kuwa shuleni alifundishwa kwamba reli ya Tanzania ni ya mita moja, na mita moja ukiigawa kwa 64 hupata hesabu yake.

Hapo ndipo ninapotaka wachekaji wanisikilize. Reli ya Kati ni ya milimita 1,000, kweli. Tazara ni ya milimita 1,067. (Sasa ipo na ya tatu, ya milimita 1,435, lakini hiyo haifiki Tunduma.) Tofauti ile ya 67 katika mfano ni milimita moja tu, nayo imebeba historia nzima. Upana wa 1,067 ndio upana wa reli za kusini mwa Afrika. Zambia ilitaka njia ya kupitishia shaba yake baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala mwaka 1965. Reli mpya ikapimwa ili iungane na njia zilizokwisha kuwapo Zambia, si na zile za Tanganyika. Ndiyo maana huko Kidatu, ambako njia mbili hizo hukutana, mizigo hubidi ihamishwe kutoka behewa hadi behewa. Ni wanafunzi wangapi wa historia, waliokwisha andika kurasa juu ya ukombozi wa kusini, wanaoijua tofauti hiyo? Kijana wa bati aliijua siku ile ile alipoambiwa, kwa sababu ilimlazimu kubomoa kazi yake.

Wale wasifuo nao hawana udhuru. Kumsifu mtu kwa kazi usiyoipima ni kumdharau kwa adabu. Mwundaji wa New Zealand, ambako reli pia ni za 1,067, hutumia kipimo hiki hiki cha 1 kwa 64 na njia ya milimita 16.5, na wenzake humkosoa kwa nusu milimita bila ya kuona haya. Kwa nini huyu wetu apewe makofi badala ya rula?

Mtu ataniambia kwamba kumbukumbu za injini ni kazi ya majumba ya makumbusho. Sikatai. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi limewekwa dude la mvuke, namba 5918, Mount Gelai, lililopewa jina la mlima wa Tanzania. Ni moja katika 34 za aina hiyo zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kumbukumbu za kiwanda hicho zimehifadhiwa huko huko Manchester katika jumba la makumbusho, na atakaye kuunda mfano wa Garratt ana pa kuanzia. Atakaye kuunda DFH, akiwa Vwawa au Tunduma, aanzie wapi? Aanzie kwenye chuma chenyewe, kwa futikamba, kingali kipo. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC wa kuifufua reli hii na kuiendesha kwa miaka 30, na vichwa vipya vimo katika mpango huo. Jambo hilo ni jema na nalifurahia. Lakini kila kipya kiingiapo kazini, cha zamani husogezwa kwenye majani kando ya karakana, na wanunuzi wa chuma chakavu hawaulizi michoro.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa uhandisi na wa historia pamoja waombe ruhusa, waende wawili wawili, mmoja ashike futikamba na mwingine aandike: urefu wa fremu, kimo cha dirisha la dereva, nafasi kati ya ekseli na ekseli, idadi ya mapezi ya rejeta. Waandike pia mahali bati lilipobadilishwa na mafundi wetu, kwa maana viraka hivyo havimo katika mchoro wowote wa China.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa ameifumua lehemu yote ya chini, na ekseli zake mpya zilikuwa bado hazijapakwa rangi. Kabla sijasema neno alinipa rula.